Kalamu ya Kukodi: Mwandishi wa Barua katika Filamu ya Sajjanpur

Katika vijiji vingi vya Bara Hindi posta ilifika kabla ya shule. Tamko hili ni fupi, lakini limebeba mambo ya zaidi ya karne moja. Mahali penye posta pasipo na shule, barua huingia mikononi mwa mtu asiyeweza kuisoma, na jawabu lake hutoka kinywani mwa mtu asiyeweza kuliandika. Baina ya kinywa na karatasi akapata riziki mtu wa tatu, naye ni mwandishi wa barua. Mtu huyo ndiye aliyechaguliwa kuwa kiini cha filamu ya Kihindi iitwayo Welcome to Sajjanpur, iliyotungwa kwa dhihaka na kichekesho, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2008. Watazamaji waliicheka sana. Yafaa kuuliza walikuwa wakicheka nini.

Mwongozaji wake, Shyam Benegal, alizaliwa mwaka 1934 karibu na Hyderabad, akafariki Desemba 2024. Jina lake lilianza kuvuma kwa filamu ya Ankur ya mwaka 1974, ambayo habari zake ni za mwenye shamba na mwanamke maskini aliye chini ya mamlaka yake. Miaka miwili baadaye ilitoka Manthan, juu ya ushirika wa wafugaji wa maziwa katika Gujarat. Gharama za filamu hiyo zilitolewa na wafugaji wenyewe wapatao 500,000, kila mmoja rupia 2. Katika kazi hizo za mwanzo kijiji kilikuwa mahali pa dhuluma na majonzi, na kicheko kilikuwa adimu. Zaidi ya miaka thelathini ilipopita, mwongozaji huyo alirudi kijijini na uso wa tabasamu. Dhuluma alizikuta pale pale alipoziacha. Kilichobadilika ni namna ya kuzisema. Hata jina la kijiji alichokibuni lina mzaha ndani yake. Sajjan katika Kihindi ni muungwana, na pur ni mji. Kwa hiyo Sajjanpur ni Mji wa Waungwana, na mtazamaji hangoji sana kabla ya kutambua kwamba waungwana wa mji huo wahesabika kwa vidole.

Mhusika mkuu ni kijana Mahadev, aliyesoma mpaka akapata shahada ya kwanza, na ambaye shauku yake ni kuwa mtungaji wa riwaya. Riwaya hazimpi chakula. Kwa sababu hiyo anakaa karibu na posta na kalamu yake, anawaandikia watu barua na kuwasomea walizopokea, kwa malipo. Wateja wake ni kijiji kizima. Mama mmoja ana hofu kwamba nyota ya binti yake ni mbaya kwa ndoa, akataka kuiepusha nuhusi hiyo kwa kumwoza kwanza mbwa. Mchanganya dawa mmoja anampenda mjane kijana. Jabari wa kijiji anataka mkewe ashinde uchaguzi. Mgombea mwingine, Munni Bai, ni mmoja wa watu waitwao hijra, wasiohesabiwa miongoni mwa wanaume wala wanawake, naye anahitaji barua ya kuomba ulinzi wa serikali. Na katikati ya wote yupo Kamla, ambaye mumewe Bansi amekwenda Mumbai kutafuta kazi na hajarudi. Kamla anataka kumwuliza mumewe lini atarudi. Hawezi kuandika.

Ili kufahamu jinsi mtu kama Kamla alivyofika mbele ya mtu kama Mahadev, ni lazima kurudi nyuma mpaka mwaka 1854. Mwaka huo serikali ya Waingereza ilianzisha katika Bara Hindi bei moja ya barua kwa nchi yote. Barua nyepesi ililipiwa nusu ana, ikaenda umbali wowote, iwe kijiji cha jirani au upande wa pili wa nchi. Mwaka 1879 ikaja kadi ya posta, kwa robo ana tu. Mwaka 1880 posta ilikabidhiwa kazi ya hawala za fedha, na tangu hapo kibarua wa mjini aliweza kupeleka rupia zake mpaka mlangoni kwa mkewe. Mke alitia alama ya dole gumba, akapokea fedha pamoja na maneno machache yaliyoandikwa katika kipande cha hawala. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na ofisi za posta zipatazo 23,000. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1951 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika walikuwa 18 tu katika kila watu mia, na miongoni mwa wanawake hawakufika 9. Chombo cha kuchukua maneno kilikuwa kimeenea nchini, na wenye maneno hawakuwa na uwezo wa kukipakia.

Watu hawakukaa bure mbele ya upungufu huo. Walibuni alama ambazo jicho lisilosoma liliweza kuzifahamu. Barua ya arusi ilipakwa manjano pembeni, ikapokewa kwa furaha kabla hata ya kufunguliwa. Kadi iliyoleta habari ya msiba ilichanwa pembe moja. Mwanamke aliyeona pembe ile imechanika alianza kulia mlangoni, na mpeleka barua hakuwa na haja ya kusema neno. Kifo na arusi vilipata herufi zao. Lakini baina ya arusi na kifo kuna maisha yote ya mtu: deni, homa, mvua iliyochelewa, wivu, na hamu ya kumwona aliye mbali. Mambo hayo hayana rangi ya manjano wala pembe ya kuchana. Yalihitaji kalamu, na kalamu ilikuwa ya kukodi.

Haja ya barua ilizidi kwa sababu ya safari. Viwanda vya nguo vya Bombay na viwanda vya gunia vya Calcutta viliwavuta wanaume kutoka mashambani, nao waliwaacha wake zao nyuma. Wengine walivuka bahari kwa mikataba ya kazi, wakaenda Mauritius tangu mwaka 1834, Natal tangu mwaka 1860, na Fiji tangu mwaka 1879. Afrika ya Mashariki nayo ilipokea sehemu yake, kwa maana vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli iliyotoka Mombasa kwenda ziwani baina ya mwaka 1896 na 1901. Huzuni ya mke aliyeachwa iliingia katika nyimbo na michezo ya watu wa Bihar. Mtungaji wao mashuhuri, Bhikhari Thakur, aliyezaliwa mwaka 1887 katika jamaa ya vinyozi, alitunga mchezo uitwao Bidesia juu ya mume aliyekwenda Calcutta akamsahau mkewe. Kamla wa Sajjanpur ni mjukuu wa huzuni hiyo. Karne moja imepita, Bombay imebadilishwa jina ikawa Mumbai, na yeye bado yu mlangoni anangoja.

Vita Kuu vya kwanza vilileta ushuhuda mwingine wa kazi ya mwandishi wa barua. Askari wa Kihindi zaidi ya 130,000 walipelekwa Ufaransa, na wengi wao hawakujua kuandika. Walisema, na mwenzao akaandika; na barua ilipofika kijijini, mwingine aliisoma kwa sauti mbele ya jamaa na majirani. Hapo katikati Waingereza waliweka afisi ya kukagua barua hizo. Hivyo maneno ya mtu mmoja kwa mkewe yalipita katika mikono ya watu watatu kabla hayajamfika. Askari walilijua jambo hili, wakajifunza kusema kwa mafumbo. Wengine walitaja pilipili nyeusi na pilipili nyekundu, maana yake askari wa Kihindi na askari wa Kiingereza, wakaeleza ni ipi iliyokuwa ikitumika zaidi na kwisha. Mtu anenaye kwa kinywa cha mwingine hujifunza kuchagua maneno yake. Na pengine maneno aliyoyachagua siyo aliyoyakusudia.

Historia hiyo ndiyo inayoupa uzito mzaha wa filamu. Mahadev anampenda Kamla, ambaye alisoma naye utotoni. Anapoletewa barua za Kamla aziandike, anaanza kuyapinda maneno. Anachoambiwa na mke siyo anachomwandikia mume, na nia yake ni kuwatenga wawili hao ili apate nafasi. Mtazamaji anacheka, kwa sababu Kamla ameketi mbele yake, uso umejaa imani, akiitazama kalamu inayokwenda kinyume cha maneno yake. Kisha kicheko chasita. Wizi wa Mahadev hauna shahidi. Mwizi wa mbuzi huacha nyayo, na mwizi wa fedha huacha pungufu katika hesabu; lakini aliyeibiwa maneno hata hajui kwamba kuna kitu kilichopotea. Ataona tu kwamba mumewe amepoa, naye atamlaumu mume, au atajilaumu mwenyewe.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Msemo huu humlinda mjumbe kwa sharti moja, kwamba ayafikishe maneno kama alivyopewa. Mwandishi wa barua ni mjumbe wa namna ya hatari zaidi, kwa kuwa hakuna awezaye kumwuliza. Kazi yake yote imejengwa juu ya amana. Uzuri wa filamu hii ni kwamba haikumfanya Mahadev kuwa mtu mwovu. Ni kijana mchangamfu, mwenye huruma, apendwaye na watu. Naye anapofahamu taabu anayoipata Bansi huko Mumbai kwa ajili ya kumtengenezea mkewe makao, moyo unamsuta na anageuka. Lakini jambo la kutisha limekwisha kuonyeshwa. Ikiwa mtu mwema aweza kuisaliti amana kwa urahisi kiasi kile, basi usalama wa maneno ya maskini hauwezi kutegemea wema wa mwenye kalamu.

Jambo hilo hilo laonekana katika habari za uchaguzi na za ndoa. Badiliko la katiba lililoanza kutumika mwaka 1993 liliwawekea wanawake theluthi moja ya viti, kwa uchache, katika mabaraza ya vijiji. Sheria ilikuwa njema. Katika Sajjanpur mke wa jabari anasimama kugombea, na sauti isikikayo ni ya mumewe. Vivyo hivyo, sheria ya mwaka 1856 iliwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena, lakini baada ya karne moja na nusu mjane wa Sajjanpur bado anayaogopa macho ya watu. Hata Munni Bai hakubuniwa kutoka hewani, kwa maana mwaka 1998 Shabnam Mausi, aliye hijra, alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Madhya Pradesh. Karatasi iliyoandikwa mji mkuu hufika kijijini kama barua ifikavyo kwa asiyejua kusoma. Yabaki kuulizwa ni nani atakayeisoma, na kwa faida ya nani.

Mwisho wa filamu unaukaza uzi huo. Yadhihirika kwamba hadithi yote ilikuwa riwaya ya Mahadev, ambaye amefanikiwa kuwa mtungaji. Baadhi ya watu aliowapa furaha katika kitabu hawakuipata katika maisha. Watazamaji wengine waliona mwisho huo kuwa hila, na hoja yao ina nguvu, kwa kuwa kicheko kilichotangulia hakikuwatayarisha. Hata hivyo unapatana na tabia ya mhusika. Aliyezoea kuyatengeneza maneno ya wengine ameendelea kuyatengeneza, safari hii kwa huruma, na wenyewe bado hawakuulizwa.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hana haja ya kuiona habari hii kuwa ya mbali. Kutoka mwaka 1875 hadi 1895 posta ya Unguja iliendeshwa na idara ya posta ya Bara Hindi, na barua zilizotoka huko zilibandikwa stempu za Bara Hindi. Huku nako mwenye hati nzuri aliwaandikia majirani wasiojua kuandika, akatanguliza salamu ndefu na dua, kisha akaingia katika shida ya mwenye barua.

Kazi hiyo sasa imefifia. Simu imeingia vijijini, na mwaka 2013 Bara Hindi ilifunga huduma yake ya simu za maandishi iliyodumu zaidi ya miaka 160. Sheria ya mwaka 2009 imefanya elimu ya watoto kuwa haki, na hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba wajuao kusoma na kuandika wamefika kama 74 katika kila mia. Lakini Sajjanpur haikuwa kijiji cha zamani za kale. Filamu ilipotolewa, hesabu ya karibu zaidi ilikuwa ya mwaka 2001, nayo ilisema kwamba wanawake 46 katika kila mia hawakuweza kusoma wala kuandika. Ukumbi wa sinema ulipokuwa ukimcheka Mahadev, mamilioni ya wanawake kama Kamla walikuwa wangali wakitafuta mtu wa kuwaandikia, na hawakuwa na njia ya kujua ameandika nini.