Sifuri Tangulizi: Tarakimu Isiyobadili Idadi

Yape mafaili kumi na mawili majina kuanzia picha1 hadi picha12, kisha uache skripti iyapange kwa herufi. Utapata picha1, picha10, picha11, picha12, ndipo picha2 ifuate. Kompyuta haikukosea hesabu, kwa sababu haikuhesabu. Imelinganisha alama moja moja kutoka kushoto, na 1 hutangulia 2, hata kama nyuma ya hiyo 1 kuna tarakimu nyingine.

Dawa yake ni sifuri tangulizi, yaani sifuri inayoandikwa kushoto kwa namba bila kubadili thamani yake: 7 ikaandikwa 007. Kitendo cha kuziandika sifuri hizo mpaka namba itimize upana uliowekwa kiitwe kujaza sifuri. Wapo wanaosema kuongeza sifuri, lakini kwenye mazungumzo ya bei, aliyeongeza sifuri ameigeuza elfu moja kuwa elfu kumi. Kujaza kunadokeza kwamba nafasi zimekwisha kupimwa, na tangulizi linataja upande zinakokaa.

Katika skripti ya Bash, kazi hiyo hufanywa na amri moja:

printf "picha%03d.jpg" 7

Jibu ni picha007.jpg. Herufi d inadai namba kamili, 3 ni upana, na 0 ni kijazio. Ukiiacha hiyo 0, nafasi zitajazwa kwa mapengo matupu. Python ina zfill, na JavaScript ilipata padStart mwaka 2017.

Upana hupangwa kwa kuangalia namba kubwa itakayofikiwa, si ile unayoanza nayo. Tarakimu tatu zinatosha hadi 999. Ikija 1000, printf haikati kitu; inaiandika yote, na faili hilo linakwenda kukaa kati ya 100 na 101.

Mtego mkubwa uko kwenye kuirudisha namba iliyojazwa katika hesabu. Bash huichukulia namba inayoanza na sifuri kuwa ya mfumo wa nane, ambao tarakimu zake huishia 7. Chukua skripti inayosoma mwezi kwa date +%m, kisha ikaujumlishia moja. Kuanzia 01 hadi 07 mambo ni shwari. Agosti ikifika, 08 inazua hitilafu, na Septemba vilevile. Oktoba kila kitu kinapona chenyewe, na fundi anabaki anajiuliza. Hatari zaidi ni 010, kwa kuwa hailalamiki: inasomwa kimyakimya kuwa nane. Kinga yake ni kutaja mfumo wa kumi waziwazi:

$((10#$mwezi + 1))

Upande wa pili kuna sifuri zinazopotea. Namba ya simu ya Tanzania au Kenya inayoanza na 07, ikiingizwa kwenye jedwali la kompyuta kama idadi, hubaki na tarakimu tisa. Namba ya mtahiniwa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, mathalani 0042, hugeuka 42 na hailingani tena na orodha ya kituo. Hizi hazijumlishwi wala hazigawanywi. Ni vitambulisho vilivyoandikwa kwa tarakimu, na safu zake hupaswa kuwekwa kama maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa skripti, amua kama ulichonacho ni idadi au ni kitambulisho. Idadi ihifadhiwe bila sifuri tangulizi, ijazwe tu inapochapishwa au inapoingia kwenye jina la faili. Kitambulisho kihifadhiwe kama maandishi tangu mwanzo, na sifuri zake zisiguswe.