Sanaa na Mlipaji Wake: Ufaransa, 1806–1831

Wapo makada wanaodhani kwamba picha na sanamu ni mapambo tu, na kwamba mapambano ya kitabaka hupita nje ya mlango wa chumba cha msanii. Historia ya Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19 yawakanusha.

Tuanze na sanamu. Marumaru ni jiwe la gharama: kulichimba, kulisafirisha na kulichonga kwataka fedha nyingi na jasho la vibarua wengi. Basi mchongaji alikuwa mtu wa kuagizwa, na mwagizaji alikuwa mfalme, Papa au tajiri. Antonio Canova, Mtaliano, alimaliza mwaka 1806 sanamu ya Napoleon Bonaparte akiwa uchi mfano wa mungu wa vita wa Warumi, kimo chake zaidi ya mita 3. Mkubwa mwenyewe alipoiona mwaka 1811 hakuipenda, ikafichwa. Baada ya Waterloo, Serikali ya Uingereza iliinunua mwaka 1816, akapewa Wellington, jenerali aliyemshinda. Mungu wa vita akaishia penye ngazi za nyumba ya adui yake.

Turubai na rangi ni nafuu kuliko marumaru, na hapo ndipo ufa ulipotokea.

Mwezi Julai 1816 merikebu ya kivita Méduse ilikuwa safarini kwenda Senegal, koloni ambalo Ufaransa ilikuwa ikirudishiwa na Waingereza. Ufalme ulikuwa umerejeshwa, na nasaba ndiyo iliyokuwa sifa ya kazi. Nahodha, Chaumareys, alikuwa kabaila aliyeyakimbia Mapinduzi, na kwa miaka zaidi ya 20 hakuwa ameongoza chombo. Akaipandisha merikebu kwenye fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania. Mashua hazikutosha. Gavana na wakubwa wakaingia katika mashua. Watu wapatao 150, wengi wao askari wa kawaida na mabaharia, wakarundikwa juu ya chelezo kilichokokotwa kwa kamba. Punde kamba ikaachiwa. Baada ya siku 13 za kiu, mapigano na kula maiti, waliokutwa hai walikuwa 15. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 3.

Wawili kati ya walionusurika, daktari Savigny na mhandisi Corréard, walitoa kitabu mwaka 1817. Kijana Théodore Géricault akalichukua jambo hilo bila kuagizwa na mtu. Tusimpambe kupita kiasi: alikuwa mtoto wa watu wenye mali, na urithi ndio uliompa uhuru wa kutongoja mlipaji. Lakini aliutumia vizuri. Alikwenda hospitali na kuchunguza maiti. Turubai lake lilikuwa na kimo cha karibu mita 5 na upana wa zaidi ya mita 7, ukubwa uliozoeleka kutengewa wafalme na vita vyao. Na kileleni mwa rundo la watu wale alimweka mtu mweusi, akipunga kitambaa kuelekea meli iliyo mbali. Mmoja wa watu waliomkalia ili awachore alikuwa Joseph, mzaliwa wa Haiti. Tukumbuke kwamba utumwa uliofutwa na Mapinduzi mwaka 1794 ulirudishwa na Napoleon mwaka 1802, na katika makoloni ya Ufaransa uliendelea hadi 1848.

Katika maonyesho ya 1819 picha ilipewa jina lisiloitaja merikebu. Watazamaji walielewa. Serikali iliinunua mwaka 1824, mchoraji akiwa amekwisha kufa.

Miongoni mwa waliomkalia Géricault alikuwamo Eugène Delacroix. Julai 1830 umma wa Paris ulimwangusha Charles X kwa siku 3, naye akachora mwanamke mwenye bendera akiruka vizuizi, nyuma yake mfanyakazi mwenye upanga na kando yake mvulana mwenye bastola mbili. (Yule wa kofia ndefu bado watu wanabishana ni wa tabaka gani.) Waliomwaga damu walikuwa wavujajasho, waliotwaa dola walikuwa mabwanyenye, chini ya Louis-Philippe. Serikali yao iliinunua picha hiyo mwaka 1831 kwa faranga 3,000, ikaitundika kwa muda mfupi. Juni 1832 vizuizi vikasimamishwa tena Paris, safari hii dhidi ya Louis-Philippe mwenyewe. Picha iliondolewa ukutani, na baadaye Delacroix akarudishiwa akae nayo. Iliingia Louvre mwaka 1874, miaka 11 baada ya kifo chake.