Kuchanganya dawa za maumivu

Kuchanganya dawa za maumivu ni kutumia dawa ya kutuliza maumivu iliyonunuliwa bila cheti cha daktari pamoja na dawa nyingine, iwe ya maumivu vilevile au ya ugonjwa wa kudumu kama presha. Mara nyingi hakuna madhara. Yanapotokea, kwa kawaida mtumiaji alijua jina la biashara la kidonge lakini hakujua kiambato chake.

Nchini Tanzania dawa hizo huuzwa katika famasi, katika maduka ya dawa muhimu (yaliyoanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003) na hata katika maduka ya vyakula, ambayo Arusha watu huyaita "kwa Mangi". Mteja akikatiwa vidonge viwili tu, jina la kiambato mara nyingi hubaki dukani.

Parasetamoli

Parasetamoli, inayojulikana zaidi kama Panadol, haisumbui tumbo wala haigongani na dawa nyingi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Hatari yake ni kujirudia, kwa kuwa imo pia katika dawa nyingi za mafua na katika vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa nayo. Anayemeza vyote hivyo kwa siku moja anaweza kuumiza ini bila kuhisi lolote kwa siku nzima au zaidi. Walevi wa muda mrefu, wawe wa bia, mbege au gongo, na wanaotumia dawa za kifua kikuu huweza kudhurika kwa kiasi kidogo kuliko wengine.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki

Hizi ni za jamii moja. Kumeza mbili pamoja hakuongezi nafuu ya maana, ila huongeza hatari ya vidonda vya tumbo. Zikichanganywa na wafarini au prednisoloni, tumbo linaweza kutoka damu. Kwa mgonjwa wa presha hupunguza nguvu ya dawa kama losartani. Akiwa anatumia pia dawa ya kukojosha, figo zinaweza kushindwa ghafla, hasa akiwa anaharisha au anatapika. Tahadhari hiyo inawahusu pia wanaotumia ARV zenye tenofovири, ambayo nayo hutolewa kupitia figo.

Eneo la Mlima Meru

Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkeno. Kituo cha Ngurdoto hutafiti namna ya kuipunguza. Wengi huijua kwa meno ya kahawia, lakini ikinywewa miaka mingi hukakamaza mifupa na viungo. Mzee wa namna hiyo hutafuta diklofenaki kila siku, na katika umri wake huenda anameza na dawa za presha. Maumivu yake ni ya kweli, na kumwambia avumilie si tiba. Anachohitaji ni kupimwa figo na presha hospitalini, na daktari kuambiwa kila anachotumia, pamoja na mizizi na magome ya miti anayochemsha nyumbani.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, macho kuwa ya njano au mkojo kupungua sana ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, na pakiti za dawa zote zichukuliwe.