Ketamini na Majeruhi wa Bunagana: Maruweruwe Ambayo Hakuna Anayeyauliza

Mijadala ya dawa zinazobadili fahamu huandikwa kana kwamba inawahusu tu wagonjwa wa sonona huko Marekani na vijana wa starehe huko Ulaya. Nadai kwamba Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, inahusika zaidi. Huku dawa ya namna hiyo hutolewa hospitalini, na anayepitia maruweruwe yake ni mtu ambaye hakuyatafuta wala hakuonywa. Dawa hiyo ni ketamini, dawa ya usingizi ya upasuaji.

Calvin Stevens aliiunda mwaka 1962 katika kampuni ya Parke-Davis. Marekani iliiidhinisha mwaka 1970, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Aliyelazwa usingizi kwa ketamini kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, na shinikizo lake la damu haliporomoki. Ndiyo maana inafaa pale ambapo umeme hukatika na wataalamu wa usingizi ni wachache. Ndivyo hali ilivyo huku: waasi wa M23 waliiteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022, na vita vikaenea Rutshuru hadi Goma kwenyewe. Hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu 2012, imepokea majeruhi wa risasi na mabomu kwa wingi. Bila ketamini, upasuaji wa vita katika mazingira kama haya ungekwama. China ilipotaka mwaka 2015 iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, Shirika la Afya Duniani lilipinga, na lilikuwa na haki.

Lakini dawa hii huitenga akili na mwili. Ikianza kuisha nguvu, mgonjwa anaweza kujiona anaelea juu ya kitanda, akawaona marehemu, au akaamini kwamba yeye mwenyewe amekwisha kufa. Maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani yanataja matukio ya aina hii kwa takriban asilimia 12 ya wagonjwa, na yanasema ni nadra zaidi kwa wenye miaka 15 au chini yake na waliozidi 65. Wanaobaki ni watu wa umri wa kushika bunduki, na wa umri wa kukimbia vita na mtoto mgongoni.

Je, maruweruwe hayo huzidisha kiwewe? Ushahidi haujakubaliana. Utafiti wa mwaka 2008 juu ya askari wa Marekani walioungua uliona kiwewe kidogo zaidi kwa waliopewa ketamini. Utafiti wa Kijerumani juu ya majeruhi wa ajali ulielekea upande mwingine. Kwa maoni yangu, hitilafu hiyo yenyewe ni sababu ya kumuuliza mgonjwa alichokiona, si ya kunyamaza.

Tofauti ya matunzo inatia uchungu. Tangu Machi 2019, Mmarekani anayevuta esketamini puani kwa ajili ya sonona hukaa chini ya uangalizi kwa angalau saa mbili. Mkulima wa Jomba, huko Rutshuru, anayezungumza Kinyabwisha anaweza kuzinduka kati ya watu wanaosemezana Kifaransa, mlio wa mabomu ukiwa bado masikioni. Asipoelezwa kwamba aliyoyaona yametokana na dawa, atatafuta maelezo kwingine: amelogwa, ana pepo, au wafu wanamwita. Familia nayo itampeleka kwenye maombi badala ya kumrudisha kwa muuguzi.

Kinga haina gharama kubwa. Diazepamu au midazolamu hupunguza misukosuko ya kuzinduka, na utulivu wa chumba husaidia. Kinachokosekana zaidi ni maneno, kabla ya sindano, kwa lugha ya mgonjwa: «Mama, dawa hii inaweza kukuletea ndoto za ajabu. Ni dawa tu, zitapita, na mimi nitakuwa hapa.» Aliyewahi kuugua akili aulizwe hilo mapema, kwa kuwa kwake hatari ni kubwa zaidi.

Vyuo vya uuguzi vya Goma na Rutshuru viyafundishe maneno hayo pamoja na vipimo vya dawa, na karatasi ya upasuaji iwe na mstari mmoja wa kuandika kile mgonjwa alichosema alipozinduka.