Chupa ya Maji Meusi

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu. Msomaji wa rika langu ataukumbuka mwaka ule. Sabuni ilikuwa adimu, watu walifulia majani ya mpapai, na mwezi Machi Serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi. Kila aliyekuwa na kitu ambacho wenzake hawana alitazamwa kwa jicho la shaka.

Chuoni kwetu palikuwa na mwanachuo wa kike mwenye asili ya Kigujarati, ambaye nywele zake zilifika kiunoni na kung'aa. Uvumi ukaenea kwamba ana shampuu ya magendo. Nami, nikiwa mkufunzi wa zamu, nikaenda na matroni bwenini, nikamwamuru afungue sanduku lake mbele ya wenzake. Mlikuwa na chupa ya maji meusi na kifuko cha maganda makavu. Sikuuliza swali. Niliyamwaga maji yale mtaroni.

Alisema tu, "Mwalimu, hiyo ni aritha. Bibi yangu ndiye anayeichemsha."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipotafuta kujua nilichomwaga. Aritha, au ritha kwa Kihindi, ni tunda la mti ambao wanasayansi huuita Sapindus, jina linalotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya sabuni ya India. Ganda lake lina saponini, kitu kinachotoa povu na kubandua mafuta kama sabuni ifanyavyo. Katika Ayurveda, tiba ya kale ya India, ritha huchanganywa na maganda ya shikakai, ambayo ni aina ya mgunga utambaao, pamoja na amla, tunda chachu lililokaushwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Ondoa kokwa za ritha, kisha loweka maganda yake pamoja na shikakai na amla usiku kucha. Asubuhi chemsha kwa moto mdogo hadi maji yawe meusi, yaache yapoe, ponda kwa mkono na uchuje kwa kitambaa. Povu lake ni jepesi kuliko la dukani, na likiingia machoni huwasha sana. Halina dawa ya kulihifadhi, hivyo hutengenezwa kidogo kidogo na kutumiwa kabla halijachacha.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni neno lenyewe. Shampuu si neno la Kizungu kwa asili. Limetoka katika kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kukanda au kubonyeza. Mtu aliyelipa umaarufu Uingereza ni Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna mwaka 1759. Alihamia Ireland, kisha akafungua nyumba ya kuogea kwa mvuke mjini Brighton, ambako aliwakanda wagonjwa na hata akawahudumia Mfalme George wa Nne na William wa Nne. Alifariki mwaka 1851. Baadaye, katika karne ile ile, ndipo Waingereza walipolihamisha neno kutoka kukanda mwili hadi kuosha nywele. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf alianza kuuza shampuu ya unga mjini Berlin, na viwanda vikashika njia yao.

Basi nilikuwa nikisaka shampuu ya Ulaya katika sanduku la binti ambaye wazee wake walitoka katika nchi iliyolizaa neno hilo. Nilichomwaga ndicho kilichokuwa asili, na cha dukani ndicho kilichofuata.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nilikuwa mwalimu, ambaye kazi yake ni kuuliza. Binti yule alihitimu akaondoka, wala sikupata kumwomba radhi. Siku hizi, mjukuu wangu anapokuja likizo, mimi ndiye ninayemchemshia ritha. Akiniuliza kwa nini ninajisumbua, humsimulia habari za chupa ile.