Makmende na Watengeneza Picha wa Nairobi: Historia ya Shujaa Asiye na Mtunzi Mmoja

Utangulizi

Mnamo tarehe 24 Oktoba 1968, wasomi watatu jijini Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake paundwe idara ambayo kitovu chake kingekuwa Afrika. Fasihi simulizi ilipewa nafasi kubwa katika hoja yao. Tangu wakati huo wanafunzi wengi wametumwa vijijini kukusanya ngano, methali na nyimbo. Fasihi simulizi ya jiji lenyewe, hata hivyo, haikupata bahati hiyo, hasa ile inayozaliwa ndani ya vyombo vipya vya mawasiliano.

Makala hii inachunguza mfano mmoja wa fasihi hiyo: Makmende, shujaa aliyeenea katika mtandao wa intaneti mwezi Machi 2010. Hoja ya msingi ni kwamba, ingawa Makmende alipata umaarufu kupitia video ya kundi la wanamuziki, aliyemkuza ni umma wa watu waliomtengenezea picha na vichekesho. Umma huo ulitunga kwa kanuni zinazofahamika katika fasihi simulizi, isipokuwa kwamba picha ilishika nafasi iliyokuwa ya sauti.

Asili ya Jina

Jina Makmende ni la zamani kuliko video. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba lilitokana na maneno make my day, yaliyotamkwa na mwigizaji Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983. Watoto wa mitaa ya Nairobi waliyasikia kwa masikio yao wenyewe, wakayafanya kuwa neno moja. Aliyejitia ubabe michezoni aliulizwa kama anajidai Makmende.

Badiliko hilo la kifonolojia linastahili kuzingatiwa. Irabu unganifu za Kiingereza zimesahilishwa, na konsonanti d imetanguliwa na nazali. Mwambatano nd ni wa kawaida katika Kiswahili, na katika Kikuyu sauti d haijitokezi bila nazali hiyo. Kwa hiyo jina lilikwisha kupitia mikononi mwa jamii ya lugha kabla ya msanii yeyote kuliokota. Aidha, lilikuwa jina la kejeli: Makmende hakuwa mtu bali kipimo ambacho kila mwenye majivuno alishindwa kukifikia.

Mazingira ya Mwaka 2010

Just A Band ni kundi lililoundwa na vijana waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tangu mwanzo walichanganya muziki na sanaa ya picha. Wimbo wao Iwinyo Piny, wa mwaka 2008, ulipewa video ya katuni, na kazi zao za video ziliwahi kuonyeshwa katika Goethe-Institut, katikati ya jiji. Mnamo Machi 2010 walitoa video ya wimbo Ha-He, iliyoiga kwa mzaha filamu za mapigano za Marekani za miaka ya 1970. Mhusika mkuu aliitwa Makmende.

Yaliyofuata hayaelezeki kwa ubora wa video peke yake. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mawasiliano yaliyokuwa yakitegemea setilaiti yakapata njia ya kasi zaidi. Mwezi huo huo wa Machi 2010, iHub ilifunguliwa katika barabara ya Ngong, magharibi mwa jiji, ikawa baraza la vijana wa kompyuta. Baina ya ofisi za katikati ya jiji na vitongoji hivyo vya magharibi palikuwapo sasa watu wenye vifaa, ujuzi wa kuhariri picha na mahali pa kuzitundika. Katika siku chache Makmende alionekana kwenye majalada ya kubuni ya magazeti mashuhuri ya kimataifa, na vichekesho juu yake vikajaa Twitter na Facebook.

Chuku na Picha

Yamkini msomaji atapinga kwamba hayo yote ni mwigo tu, kwa kuwa vichekesho vya namna hiyo vilikuwa vimeshatungwa Marekani, tangu mwaka 2005, juu ya mwigizaji Chuck Norris. Ni kweli kwamba umbo liliazimwa. Hata hivyo, kuazima umbo si kuazima maana. Kichekesho kimoja kilichoenea kilidai kwamba Makmende huanika nguo zake kwenye laini ya Safaricom, na zikikauka huzihifadhi katika flashi diski. Chuku hii inategemea neno laini, ambalo kwa Mkenya ni namba ya simu kabla ya kuwa kamba. Pia inaunganisha kazi ya nyumbani na vyombo vilivyokuwa vimeingia maishani hivi karibuni. Mmarekani angeisikia bila kucheka.

Picha nazo zilifanya kazi ya kiitikio. Kila mtengenezaji alipokea umbo lililokwisha kuzoeleka, yaani nywele za duara, utepe wa kichwani na uso usiotabasamu, akaliweka katika muktadha mpya. Ubunifu ulipimwa kwa ustadi wa kugeuza kilichojulikana. Upya mtupu haukuhesabiwa sana. Hicho ndicho kipimo cha mtambaji wa ngano mbele ya hadhira yake.

Shujaa Asiye na Kitovu

Tofauti kati ya Makmende na mashujaa wa jadi inajitokeza hapa. Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, hauawi ila kwa kuchomwa kitovuni kwa shaba, na mwanawe ndiye anayetumiwa kumwangamiza. Luanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe, lakini nguvu zake zimo katika kivuli, na mke wake anaifichua siri hiyo. Siri ya udhaifu ndiyo inayowapa mashujaa hao kisa, usaliti na kifo.

Makmende hana siri. Kwa kuwa ameundwa kwa chuku tupu, hakuna kinachoweza kumpata, na kwa hiyo hana utendi. Ana orodha tu ya maajabu isiyo na mwanzo wala mwisho. Kifo pekee anachoweza kufa ni kusahauliwa.

Suala la Ushahidi

Hatari hiyo ilijitokeza mapema. Makala kuhusu Makmende katika Wikipedia yalifutwa zaidi ya mara moja mwezi Machi 2010, kwa kuonekana hayana umuhimu wa kutosha, kabla ya kukubaliwa. Wakati huo vyombo vya habari vya kigeni, miongoni mwake The Wall Street Journal, vilikuwa vimeanza kumtaja. Hivyo ushahidi wa maelfu ya Wakenya waliomjua tangu utotoni ulionekana mwepesi kuliko aya chache za gazeti la ng'ambo. Mgogoro wa mwaka 1968 juu ya nani huamua kilicho fasihi ulikuwa umerudi kwa sura nyingine.

Lakini lawama zisielekezwe nje tu. Jamii iliyomtengenezea Makmende picha ilikuwa finyu: ni wale waliokuwa na kompyuta na muda, na walioandika Kiingereza kilichochanganywa na Sheng. Watoto wa mitaani waliolifinyanga jina hawakutajwa popote.

Hitimisho

Picha za Makmende zilisambazwa nyingi bila jina la mtengenezaji wala tarehe, na kurasa za mtandao hufungwa bila taarifa. Anayekusanya ngano kijijini hufundishwa kuandika jina la mtambaji, mahali, siku na hadhira. Kanuni hiyo haina budi kutumika pia kwa fasihi ya mtandaoni, tena kwa haraka zaidi, maana waliocheza mchezo wa Makmende katika miaka ya 1980 na 1990 wangali hai na wanaweza kuulizwa.