Chama cha Wanamuziki wa Chicago na Shule Yake

Muziki ni mali isiyowekwa ghalani. Hukaa katika vidole, vinywa na masikio ya watu, nao watu hupita. Kwa sababu hiyo mji utakao kudumu na muziki wake hauna budi kuwa na mahali pawili: mahali pa kuupigia na mahali pa kuufundishia. Mji wa Chicago, katika Marekani, ulipata pote pawili chini ya chama kimoja cha wapigaji wa jazi, Association for the Advancement of Creative Musicians, kijulikanacho kwa herufi za AACM. Chama hicho kiliasisiwa mwaka wa 1965, na mwaka wa 2025 kilitimiza miaka 60. Wengi hukisifu kwa wapigaji mashuhuri waliotoka ndani yake. Lakini sifa yake iliyo kubwa zaidi ni kuamua kwamba mpigaji ana deni la kufundisha.

Haja iliyokizaa ilikuwa haja ya riziki na ya heshima. Wengi wa wanachama wa kwanza walikuwa wana wa Wamarekani Weusi waliohama majimbo ya Kusini na kukaa upande wa kusini wa Chicago. Zamani upande huo ulijaa vilabu vya muziki. Vilipoanza kufungwa kimoja baada ya kimoja, mpigaji alibaki na ala yake mkononi wala hana pa kuipiga. Hata palipobaki wazi, mwenye kilabu ndiye aliyechagua muziki wa kupigwa, na mtu aliyetaka kujaribu jambo jipya alionekana mharibifu wa biashara. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanamuziki hao waliuona ukweli wa methali hii pasipo kuisikia.

Kiongozi wao alikuwa Muhal Richard Abrams, mpigaji wa piano aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1930. Alijaribu masomo ya muziki chuoni, akayaacha, akajisomesha mwenyewe kwa bidii kubwa. Mapema katika miaka ya 1960 alikusanya kundi lililoitwa Experimental Band. Kundi hilo halikuwa la kutafutia fedha. Lilikuwa kama karakana: kijana aliyetunga jambo alilileta, akapata wenzake wa kulipiga, akalisikia kwa masikio yake, akajua palipofaa na palipopungua. Roscoe Mitchell na Joseph Jarman walikuwa miongoni mwa waliokomaa humo.

Mwezi wa Mei 1965 wanamuziki walikutana nyumbani kwa Phil Cohran, mpigaji wa tarumbeta. Walioita mkutano walikuwa Cohran, Abrams, mpigaji wa piano Jodie Christian na mpigaji wa ngoma Steve McCall. Maneno ya mikutano ile yalinaswa katika utepe, kwa hiyo hoja zao hazikupotea. Swali lililowashughulisha sana lilikuwa hili: je, chama kipige muziki uliotungwa na wanachama wenyewe tu? Wako walioona kuwa sharti hilo litawanyima chakula, kwa maana wasikilizaji hupenda wanachokijua. Hata hivyo hoja ya utunzi ilishinda. Mwezi wa Agosti chama kiliandikishwa kwa sheria ya jimbo la Illinois kuwa chama kisichotafuta faida. Hati yake ilitaja makusudi tisa, miongoni mwayo kuwatafutia wanamuziki kazi, kuwafundisha vijana wa mjini wasio na uwezo bila ya malipo, na kudumisha desturi za wanamuziki wazee.

Ahadi ni nyepesi katika karatasi. Chama kiliitimiza yake mwaka wa 1967 kilipofungua shule. Masomo yalikuwa Jumamosi, na walimu walikuwa wanachama wenyewe. Mtoto alijifunza kusoma nota, nadharia na ala. Lakini katika darasa la Abrams alijifunza pia kutunga. Hapa pana tofauti kubwa. Shule nyingi humfanya mwanafunzi mlinzi wa kazi za watu wengine. Shule hii ilimtaka awe na neno lake mwenyewe, kisha ilimpa elimu ya kulisema vyema.

Cohran alijitenga baadaye, na mwaka wa 1967 akafungua Affro-Arts Theater. Moyo wake ulivutwa na urithi wa kale wa Afrika. Alitengeneza kalimba ya umeme akaiita Frankiphone, kwa jina la mama yake. Nayo kalimba ni ndugu wa marimba ya vidole ya Wagogo wa Dodoma. Kijana mmoja aliyejuana naye, Maurice White, aliipeleka sauti ya kalimba ulimwenguni kwa bendi yake ya Earth, Wind & Fire. Hivyo hata aliyeondoka chamani aliendelea kuwa mwalimu.

Njia haikuwa laini. Christopher Gaddy alikufa mwaka wa 1968 na Charles Clark mwaka wa 1969, wote wawili vijana. Mwaka huohuo wa 1969 Mitchell, Jarman, Lester Bowie, Malachi Favors, Anthony Braxton na wengine walikwenda Paris kutafuta wasikilizaji. Abrams naye alihamia New York katika miaka ya 1970. Chama kinachotegemea watu wachache kingalikufa kwa pigo kama hilo. Hiki hakikufa, kwa kuwa waliobaki walikwisha kufundishwa kufundisha.

Matunda yake yaonekana. George Lewis, aliyejiunga mwaka wa 1971 akiwa kijana wa miaka 19, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka wa 2008 akatoa kitabu kikubwa cha historia ya chama. Nicole Mitchell, mpigaji wa filimbi, alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza. Henry Threadgill alipata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka wa 2016. Abrams alifariki mwaka wa 2017, mwaka aliofariki Cohran pia. Lakini utunzi ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa watu ambao walipokuwa wakikutana mwaka wa 1965 walikuwa hawajazaliwa.